Bi Sababu na Mstari wa Saba

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi miwili ya utumishi, karani wetu wa kumbukumbu za muziki anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Aliingia katika jengo hili la redio akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, mpokezi wa muda wa miezi mitatu, akimshikia nafasi mwenzetu aliyekwenda kujifungua. Mwenzetu yule hakurudi. Tunamshukuru popote alipo, yeye na mtoto wake, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu na hana habari ya zawadi aliyotupa kwa kuzaliwa.

Bi Sababu, kama tunavyomwita sote kuanzia mkurugenzi mkuu hadi mpishi wa chai, alibatizwa jina hilo na mafundi mitambo kabla hajamaliza mwaka. Hakuna aliyepita mezani kwake bila kuulizwa. Umechelewa? Sababu. Unataka kanda ya mwaka juzi? Sababu. Unataka kuondoka mapema? Lete sababu, na iwe mpya, kwa kuwa ile ya jino ameisikia. Mume wake, fundi bomba ambaye ndiye aliyetuzibia dari ya studio namba mbili tulipokuwa tunarekodi ngoma na matone kwa pamoja, anasema nyumbani hali ni hiyo hiyo. Bomba likivuja haruhusiwi kujibu kwamba limechakaa. Anaambiwa kuchakaa ni hali, arudi akatafute sababu.

Wasifu wa namna hii kwa kawaida huorodhesha vyeo. Alivyopata ni vinne, na viwili kati ya hivyo vilikuwa cheo kimoja kilichobadilishwa jina. Aliwahi pia kuchaguliwa mfanyakazi bora mara tatu, na mara zote tatu alimuuliza aliyemkabidhi cheti amechaguliwa kwa kipimo gani. Yatosha. Nataka kueleza jambo moja alilolifanya, kwa sababu wengi wa wafanyakazi wapya wanaopita kwenye korido ya studio kila siku hawajui kwamba korido ile iliwahi kuwa uwanja wa vita, na kwamba aliyeshinda vita ile ni mwanamke mmoja mwenye kalamu mbili kichwani, moja ya buluu na moja nyekundu.

Tuanze na seremala. Katika mwaka wa kwanza wa Bi Sababu alikuja studio seremala mmoja mwenye gitaa, mtu mpole, akarekodi wimbo kwa Kiingereza. Mtangazaji wa zamu akauliza wimbo unahusu nini ili ajue ataupeleka kipindi gani, na kwa nini seremala wa mtaa wa pili aimbe Kiingereza. Hakuna aliyejua. Bi Sababu akavua viatu vya kisigino, akatoka mbio, akamkuta seremala kituo cha basi na gitaa lake mgongoni.

"Dada, nisikilize vizuri," seremala akamwambia, akitazama kulia na kushoto kama mtu aliyeiba. "Wimbo unamsema baba mkwe wangu. Mwanzo mpaka mwisho. Na redio iko sebuleni kwake."

Siku hiyo hiyo Bi Sababu alikaa kwenye mashine ya kupiga chapa na kuongeza mstari kwenye fomu ya kurekodi. Fomu ilikuwa na mistari sita: jina, kundi, jina la wimbo, mtunzi, ala, dakika. Akaongeza wa saba: umechagua lugha hii kwa sababu gani? Hakuomba kibali. Wakubwa wa wakati huo waliona mstari mmoja wa ziada hauna madhara, na kwa ukubwa wao hawakuwahi kuusoma tena. (Seremala, kwa wanaotaka kujua, alijulikana baada ya miaka tisa, mjukuu alipomtafsiria babu yake. Mzee alicheka hadi akashikwa kikohozi, kisha akatuma salamu redioni, akaomba wimbo upigwe tena kwa ajili ya mkwe wake mpendwa.)

Sasa niseme wazi, kwa kuwa wasifu huu umepewa mtu asiyejua kusema kwa kuficha. Swali la kwa nini mwanamuziki huyu anaimba Kiingereza na yule anaimba lugha ya nyumbani limejibiwa na kila mtu isipokuwa wanamuziki. Wafanyabiashara wamelijibu: soko, soko, soko, kana kwamba wimbo ni gunia la mkaa. Wasomi wamelijibu kwa vitabu vinene vilivyoandikwa, nisamehewe, kwa Kiingereza. Wazalendo, na mimi nikiwa mbele yao na kipaza sauti, tumelijibu kwa kupiga meza: anayeimba Kiingereza ni mtumwa, ameuza ulimi wake. Nimeandika hivyo katika jarida hili hili, makala kumi na mbili, na kila toleo lilipotoka Bi Sababu alinirudishia nakala yangu ikiwa na neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu. "Umewauliza?"

Yeye aliwauliza. Kabati lake la chuma lenye droo kumi na moja lina fomu elfu tisa na mia nne na ushee, na mstari wa saba wa kila fomu una jibu. Nimepewa ruhusa ya kuchungulia, nami nawamegea kidogo.

Fundi viatu mmoja aliandika kwamba ameimba kwa lugha ya nyumbani kwa sababu alipojaribu Kiingereza mkewe alicheka, na yeye si mchekeshaji. Dereva wa lori aliandika Kiingereza kwa kuwa anavuka mipaka mitatu kwa wiki na anataka askari wote waimbe naye. Mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba katika lugha yake neno moja linakula mstari mzima, wakati Kiingereza kinamwachia nafasi ya kupumua. Muuguzi mmoja, mwenye sauti ambayo mafundi wetu bado wanaizungumzia, aliimba mapenzi kwa Kiingereza na kueleza hivi: kwa lugha ya kwao, ukimwambia mwanamume maneno yale hadharani, kabla hujafika ubeti wa pili shangazi watatu wameshaingia na kikao kimeanza. Kundi la watu wanne lilitoa majibu manne kwenye fomu moja. La nne lilisema, "Mimi sikuulizwa," na korido nzima ikasikia mjadala uliofuata.

Na kuna fomu ya dada mmoja msusi, ambayo Bi Sababu ameiweka peke yake mwanzoni mwa droo ya sita. Ameandika: "Kiingereza. Lugha ya nyumbani nilikuwa nikiongea na mama tu, na mama amefariki. Siwezi kuifungua mbele ya watu."

Miaka ilikwenda. Bi Sababu akapanda kutoka mapokezi hadi kumbukumbu, akalea watoto watatu wanaojua kujitetea kuliko mawakili, akakabidhiwa kipindi chake mwenyewe cha Jumapili saa nne asubuhi, Saa ya Nyumbani, cha nyimbo za lugha zetu zote. Hana sauti ya redio. Akiimba, wapiga ala huangalia chini. Lakini alikuwa akisoma salamu na kueleza kila wimbo unasema nini, na nyumba nyingi zilipanga Jumapili yao kwa kipindi kile. Ndugu waliotengana kwa miaka walijuana hewani. Alikuwa amekiendesha kwa miaka kumi na minne.

Ndipo, miaka kumi na moja iliyopita, akaletwa mkurugenzi mpya wa vipindi. Kijana msafi, mwenye tarakimu. Simchukii, alikuja na kompyuta mahali tulipokuwa na minong'ono. Alipitia fomu za mwaka mzima na kukuta kwamba katika kila nyimbo kumi zilizorekodiwa kwetu, nane zilikuwa za Kiingereza. Akaandika waraka: Saa ya Nyumbani inakosa nyimbo mpya, inarudia za zamani, na itafungwa baada ya wiki sita. Sentensi ya mwisho ya waraka ilisema kwamba si sisi tunaofunga, wanamuziki wenyewe wameshaamua, na ushahidi ni fomu za Bi Sababu.

Hebu fikiria. Mwanamke ameuliza swali kwa miaka ishirini na mitano, na majibu yake mwenyewe ndiyo yamechukuliwa kwenda kuua kipindi chake.

Hakulia wala hakununa. Alichukua wiki ya kwanza kusoma. Alisoma akila, alisoma akisubiri basi, mumewe akapika ugomvi na chakula kwa pamoja. Na aliposoma fomu za miaka ya karibuni mfululizo, kitu kikaanza kumkera. Zile sababu zenye chumvi, za baba mkwe na za shangazi, zilikuwa zimepungua. Mahali pake palikuwa na sentensi moja inayojirudia, kwa mwandiko wa watu mbalimbali: kwamba Kiingereza ni lugha ya kimataifa. Sentensi ile ile, nukta pale pale, kama darasa zima limenakili ubaoni.

"Hii si sababu," alisema akiipiga fomu kwa kiganja, nami nikiwa nimeegemea mlango wake. "Hii ni insha ya shule. Nani anawasahihishia?"

Jibu alilipata wiki ya pili, na alilipata kwa shida ndogo ya ofisi. Fomu ziliisha. Mpiga chapa wetu alichelewa, wasanii walikuwa getini, na Bi Sababu akachukua karatasi tupu akaandika mistari saba kwa mkono, haraka haraka, kwa lugha aliyokuwa anafikiria nayo, yaani Kiswahili. Akapiga fotokopi, akampa mlinzi azigawe kama kawaida.

Wiki ile walirekodi wasanii tisa. Saba waliimba kwa lugha za nyumbani.

Alihesabu mara mbili. Kisha akatoka mezani kwake na kwenda kusimama kwenye korido, mahali alipokuwa akipita kila siku bila kupaona. Mnalijua lile benchi, refu, la mbao, rangi ya maziwa iliyobanduka. Ndipo wanapokaa wasanii wakisubiri taa nyekundu. Kwa miaka mingi, ukipita pale, ungewakuta wameinama, karatasi magotini, penseli masikioni, wakinong'ona. Sisi sote tulidhani wanakariri. Walikuwa wanatafsiri. Wamekuja kutoka nyumbani na wimbo wao mzima kifuani, wamepewa fomu getini, fomu ni ya Kiingereza kuanzia kichwa hadi saini, ina nembo ya nyumba hii juu, na chini inawauliza kwa Kiingereza wamechagua lugha gani na kwa nini. Mtu mwenye akili timamu angeelewa nini? Wakubwa hapa wanataka Kiingereza. Basi wanakaa kwenye benchi na kubadilisha wimbo dakika arobaini kabla ya kuurekodi, na kwenye mstari wa saba wanaandika jibu wanalodhani wakubwa wanalitaka.

Na katikati ya benchi, palipochongwa kwa kukaliwa na makalio ya kizazi kizima, palikuwa na kamusi kubwa ya Kiingereza. Ilikuwa imechakaa, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu. Nani aliiweka? Yeye. Katika mwaka wake wa tatu aliona wasanii wakihangaika na maneno, akawahurumia, akaileta kutoka kwao. Kwa miaka ishirini na miwili huruma yake ilikaa pale benchini ikiwasaidia watu kuacha nyimbo zao nje ya mlango.

Wiki ile ya karatasi za mkono, kamusi ilikuwa imefungwa. Mtu alikuwa ameiwekea kikombe cha chai.

Mwingine angekimbia na tarakimu za wiki moja. Mimi ningekimbia. Yeye alisema wiki moja inaweza kuwa bahati. Zilikuwa zimebaki wiki nne, na akazigawa: wiki moja fomu za Kiingereza, inayofuata za Kiswahili, kisha Kiingereza tena, kisha Kiswahili tena. Mlinzi alizigawa bila kuambiwa lolote. Wiki za fomu ya Kiingereza walikuja wasanii ishirini na wawili, na kumi na saba wakaimba Kiingereza. Wiki za fomu ya Kiswahili walikuja ishirini na wanne. Walioimba Kiingereza ni saba.

Kikao kilifanyika ghorofani, kwenye chumba cha meza ndefu, kiyoyozi kikikohoa. Tulikuwa kumi na mmoja. Mkurugenzi wa vipindi alisoma waraka wake, kisha akampa Bi Sababu nafasi, kwa adabu, kama mtu anavyompa nafasi mwenye msiba. Akasimama. Hakuanza na tarakimu. Alianza hivi:

"Kosa ni langu. Fomu nimepiga chapa mimi, kamusi nimeleta mimi. Nimewauliza watu kwa miaka ishirini na mitano wamechagua lugha gani, huku nikiwa nimeshawachagulia."

Ni mara ya kwanza, na nahofia ni ya mwisho, niliposikia mtu akisema maneno matatu ya kwanza ndani ya chumba kile.

Akaeleza fomu, akaeleza benchi, akaweka mezani marundo mawili ya fomu. Mkurugenzi aliyageuza moja moja. "Mama," akasema, "yaani unataka kuniambia karatasi moja imebadilisha muziki wa nchi nzima?"

"Wa nchi nzima sijui, Bwana Mkurugenzi. Najua wa benchi letu. Na hakuna anayefika kwenye maikrofoni bila kukaa benchini."

"Nitajuaje kwamba hukuwanong'oneza?"

"Niite mlinzi."

Mlinzi akaitwa, akavua kofia, akakataa kiti. Akaulizwa kama alipewa maagizo yoyote. "Mimi naambiwa gawa, nagawa," akajibu. Akaulizwa kama aliona tofauti yoyote kwa wasanii. Akafikiri. "Ile ya Kiingereza, wakishapewa wanakakamaa, kama wako kwa daktari. Hii nyingine, wakipewa, wananiuliza choo kiko wapi."

Nawaambia, tumeajiri washauri wa mawasiliano kutoka mbali, wakaja na picha za ukutani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutuambia jambo la maana kama lile.

Hapo ndipo mimi nikaharibu. Niliona ushindi, nikaruka juu yake. Nilisimama na kupendekeza kwamba kuanzia siku ile studio isirekodi tena wimbo wa Kiingereza, mlango ufungwe, ulimi wetu urudi nyumbani, na mengine mengi ambayo wenzangu wananikumbusha kila mwaka. Baadhi walianza kupiga makofi. Saa ya Nyumbani ilikuwa imeshapona na ingepona zaidi kwa pendekezo langu. Ingepata kila wimbo unaotoka nyumba hii. Bi Sababu angeweza kunyamaza. Alikuwa na kila haki ya kunyamaza.

Akafungua mkoba, akatoa fomu ya msusi aliyefiwa na mama, akaisoma kwa sauti yake isiyo ya redio. Akasoma ya muuguzi. Akasoma na zile saba za mwisho, za watu waliopewa fomu ya Kiswahili na bado wakachagua Kiingereza, na kila moja ilikuwa na sababu yake, hakuna hata moja iliyotaja kimataifa.

"Haya, mdogo wangu," akanigeukia. "Hawa nao uwasimamie mlangoni na bakora? Mimi nimewasukuma bila kujua. Wewe unataka kuwasukuma kwa kujua."

Nilikaa. Sijawahi kukaa haraka namna ile. Nimesoma rafu nzima za watu wanaobishana juu ya lugha, na hakuna aliyenishinda kwa maneno machache hivyo. Tangu siku ile bado naamini kwamba mtoto asiyeimbiwa kwa lugha yake ameibiwa, na nitapigana na yeyote anayekataa. Lakini sijaandika tena neno mtumwa juu ya mwimbaji nisiyemuuliza.

Kwa haki ya mkurugenzi wa vipindi, aliuchukua waraka wake, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. Akasema alikuwa na tarakimu sahihi na akili iliyokosea. Ni sentensi ya kiungwana, na tangu hapo yeye ndiye mtetezi mkubwa wa kipindi kile ghorofani. Saa ya Nyumbani haikufungwa. Ndani ya mwaka ilikuwa na nyimbo mpya kiasi cha kuongezewa saa ya pili. Fomu ikachapwa upya kwa Kiswahili, na nyuma yake mtu anaruhusiwa kujibu kwa lugha yoyote aliyonayo. Bi Sababu alitafuta kati yetu, jikoni na gereji na uhasibu, wasomaji wa lugha kumi na nane, akatuweka zamu za kusoma majibu.

Matunda mnayajua kwa sababu mnayaimba. Fundi viatu alirekodi tena, nyimbo sita, na mkewe akaitikia kiitikio. Nyimbo tatu ambazo bila hizo harusi haikamiliki zilitoka benchini pale bila kutafsiriwa. Na wimbo wa muuguzi, wa Kiingereza, bado unaombwa kila wiki, na wanaouomba zaidi ni shangazi.

Msusi alirudi. Ilikuwa mwaka jana, miaka kumi na mitano tangu arekodi. Alikuja mwenyewe, hakuitwa. Aliimba kwa lugha ya mama yake, mara moja tu, bila kurudia, na alipomaliza fundi mitambo alisahau kuzima kinasa sauti. Kwenye mstari wa saba ameandika: "Nina binti sasa." Wapo watakaosema hiyo inathibitisha nilichokuwa nakisema tangu mwanzo. Nilimwambia Bi Sababu hivyo hivyo, kifua mbele. Akanitazama juu ya miwani, akasema kama ningeufunga mlango miaka ile, dada yule asingejua kwamba kuna mahali pa kurudi.

Kuhusu Ijumaa. Wote mnakaribishwa studio namba mbili saa kumi jioni. Mume wake ameahidi kuhudhuria na kutogusa bomba lolote. Watoto wake watatu watasema maneno machache, ambayo hayatakuwa machache. Kabati linakabidhiwa kwa karani mpya, msichana mkimya ambaye wiki iliyopita alimuuliza Bi Sababu kwa nini droo zimepangwa kwa mwaka na si kwa lugha, na wazee wa kumbukumbu wakatazamana na kupumua.

Bi Sababu, dada yetu mkubwa, mwalimu usiyekuwa na darasa. Ulikuwa na kipindi cha kuokoa, na njia rahisi ya kukiokoa ilikuwa kuficha kosa lako mwenyewe kisha kupokea makofi ya watu kama mimi. Hukufanya lolote kati ya hayo. Unaondoka ukiacha kipindi kizima, na jina safi, na watu elfu tisa waliowahi kuulizwa na mtu aliyetaka kweli kusikia jibu. Nyumba hii inakushukuru, kwa kila lugha iliyopita kwenye maikrofoni zake. Upumzike vizuri, ulale mchana bila kujieleza kwa mtu, wajukuu wakuzunguke, na Jumapili saa nne asubuhi ufungue redio kama sisi wengine. Tutakuwepo hewani.